Ukame, Mvua na Kidukari wa Misaipresi Mlimani Meru

Msaipresi si mti wa asili ya Afrika. Uliletwa kutoka Meksiko na Amerika ya Kati, ukastawi katika nyanda zetu za juu. Katika miteremko ya Mlima Meru hupandwa kwa ajili ya mbao, na kandokando ya Arusha hupandwa pia kuwa ua wa nyumba na shule.

Mwaka 1986, nchini Malawi, aligunduliwa adui mgeni wa mti huu: kidukari aitwaye kitaalamu Cinara cupressivora, ambaye asili yake ni nchi za mashariki ya Bahari ya Kati. Mwaka 1988 alionekana Tanzania, na mwaka 1990 Kenya. Kidukari huyu hudunga gome la matawi na kufyonza utomvu. Mate yake yana sumu, hivyo majani hugeuka kahawia kuanzia ndani ya mti kuelekea nje. Majike huzaa bila madume. Wanaposongamana, huzaliwa wengine wenye mabawa ambao huchukuliwa na upepo.

Je, hali ya hewa inahusikaje? Inahusika kwa njia mbili. Kwanza, matone ya mvua kubwa huwaangusha vidukari. Wakati wa kiangazi hakuna cha kuwaangusha, nao huongezeka. Pili, mti wenye kiu hufunga vitundu vya majani yake ili kuhifadhi maji. Kwa kufanya hivyo hutengeneza chakula kidogo, na hukosa nguvu ya kuchipua upya. Kwa sababu hiyo, idadi ileile ya vidukari yaweza kuua mti mmoja na kuuacha mwingine ukiwa hai. Ukame haumleti mdudu, bali humnyang'anya mti silaha zake.

Jambo hili lina uzito mkubwa kwetu. Kati ya mwaka 2020 na 2023 Afrika Mashariki ilikosa mvua za kutosha kwa misimu mfululizo. Kisha, mwishoni mwa mwaka 2023, El Niño ikaleta mafuriko. Isidhaniwe kwamba mvua za namna hiyo ni tiba. Tawi lililokwisha kufa halifufuki, na jike mmoja aliyesalia aweza kuanzisha kizazi kipya.

Kunyunyizia dawa msitu mzima ni gharama kubwa, na huua hata wadudu wenye manufaa. Njia bora ni kumrudishia kidukari adui yake wa asili. Mwaka 1994 nyigu mdogo, Pauesia juniperorum, aliyetoka Ulaya, aliachiliwa Malawi. Hutaga yai ndani ya kidukari, na funza wake humla kidukari huyo. Aidha, msaipresi usipandwe mahali pakavu kupita kiasi, kama vile upande wa kaskazini wa Meru usiopata mvua nyingi, wala usipandwe peke yake. Hata mwangati, mti wetu wa asili wa jamii hiyohiyo, hushambuliwa.

Shule yenye ua wa misaipresi yaweza kufanya uchunguzi ufuatao. Chagueni matawi kumi, myatie alama, mhesabu vidukari kila juma, na mpime mvua kwa kipimamvua. Baada ya mwaka mmoja chora grafu mbili, ya mvua na ya vidukari, kisha zilinganisheni. Tawi likianza kugeuka kahawia, mtoeni taarifa kwa afisa misitu kabla kiangazi hakijapamba moto.