Uvira: Mwezi ukijaa, mvuvi anakula nini?

UVIRA – Kila mwezi kuna siku ambazo wavuvi wengi wa ndagala wa Kalundu na Mulongwe hawaingii ziwani. Si kwa sababu ya upepo wala mvua. Ni mbalamwezi. Wavuvi hao huvuta samaki kwa mwanga wa taa, na mwezi ukiwa mkubwa taa zao hazina nguvu tena. Kwa muda wa wiki moja hivi mitumbwi inalala ufukweni. Nyumbani, watoto wanakula kila siku.

Pesa huja kwa zamu, lakini njaa haina zamu. Wanauchumi wamelifikiria jambo hilo kwa miaka mingi. Mwaka 1954, Franco Modigliani na Richard Brumberg walieleza kwamba mtu huweka akiba anapokuwa na nguvu ya kazi ili aitumie uzeeni. Mwaka 1957, Milton Friedman aliandika kwamba mtu hapangi matumizi yake kwa pesa ya leo tu, bali kwa kipato anachotarajia kwa muda mrefu. Kwa hesabu hiyo, mvuvi aliyepata samaki wengi usiku mmoja atagawanya pesa yake mpaka siku za mbalamwezi.

Wamama wanaoanika ndagala ufukweni wanaijua hesabu hiyo bila kusoma kitabu. Samaki wakiwa wengi, bei inashuka, na ndagala mbichi huharibika haraka. Iliyokauka inaweza kungoja bei nzuri au kusafirishwa mpaka Bukavu. Kuanika ni kupeleka chakula cha leo kwenye siku ya kesho. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini mvua ikinyesha kabla ndagala haijakauka, akiba hiyo inaoza kweli.

Hatari ya namna hiyo ndiyo aliyoitazama Irving Fisher, Mmarekani, katika kitabu chake kuhusu riba cha mwaka 1930. Kwake, haraka ya mtu kutumia pesa inategemea ukubwa wa kipato, wakati kinapoingia, na kama kesho yake ina uhakika. Mwenye kidogo husukumwa na shida ya leo.

Uvira inajua kesho isiyo na uhakika. Mwezi wa nne mwaka 2020, mto Mulongwe ulifurika, ukaua watu na kubomoa nyumba pamoja na vilivyokuwa ndani. Vita navyo vimekimbiza familia nyingi mikono mitupu. Franka ya Kongo ikishuka, pesa iliyofichwa nyumbani inapungua bila kuguswa, na ndiyo maana wengi hutafuta dola. Kwa hiyo mvuvi anayenunua mfuko wa unga siku ileile aliyolipwa si lazima awe mtu asiyejua kupanga.

Anachokosa mara nyingi ni mahali salama pa kuweka. Likelemba inasaidia, lakini ugonjwa hausubiri zamu. Vikundi vya AVEC vinaongeza kitu kingine: pesa za wanachama hukaa katika kasha lenye kufuli, mwenye shida anaweza kukopa na kurudisha na riba kidogo, na mwisho wa mzunguko kila mmoja anapata fungu lake.

Jambo hilo sasa lina uzito zaidi. Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia zilikubaliana kupumzisha uvuvi ziwani miezi mitatu kwa mwaka ili samaki wazaliane. Tanzania, kwa mfano, ilifunga upande wake tangu tarehe 15 mwezi wa tano mpaka tarehe 15 mwezi wa nane mwaka 2024. Samaki wengi baadaye ni faida kwa wote. Lakini mwenye duka au shamba anaweza kuwangoja. Mvuvi ambaye hata wiki moja ya mbalamwezi huivuka kwa deni anaombwa angoje zaidi ya wiki kumi na mbili, na asipopata akiba au mkopo wa riba nafuu kabla ya ziwa kufungwa, atarudi majini usiku kwa kujificha.