Siku Tatu Kando ya Mto Wye: Makaa, Kupe na Usingizi Ndani ya Gari

Waingereza wana desturi moja ambayo kwa mgeni kutoka kwetu huonekana kama mchezo wa watoto. Mtu mzima mwenye nyumba yake nzuri huiacha Ijumaa jioni, akaenda kulala ndani ya gari. Gari lenyewe ni dogo, halizidi sana ukubwa wa daladala ya zamani, lakini ndani yake mna kitanda cha kukunjua, jiko la gesi la mafiga mawili, kisanduku cha barafu na makabati ya vyombo. Huliegesha kwenye uwanja uliotengwa kando ya mto, hupika chai, na asubuhi huvaa viatu vizito na kutembea.

Miaka niliyokuwa nikisomea shahada ya uzamili nchini humo nilialikwa katika safari ya namna hiyo. Tulikuwa watatu: daktari mwenzangu wa Wales, mwenye gari, muuguzi mmoja Mkenya, mzaliwa wa kando ya Ziwa Victoria, na mimi. Ilikuwa mwanzoni mwa Mei, kwa kuwa Jumatatu ya kwanza ya mwezi huo ni siku ya mapumziko huko, nasi tulielekea Mto Wye. Mto huo huanzia katika milima ya Wales ya kati, husafiri takriban kilomita 250, na katika sehemu zake za chini hugeuka kuwa mpaka kati ya Wales na Uingereza yenyewe. Nimeikumbuka safari hiyo kwa sababu usiku wa kwanza nusura niwaue wenzangu.

Mvua ilinyesha tangu saa kumi jioni. Tulikuwa tumechoma nyama nje, chini ya turubai, kwa makaa ya mkaa, na ilipofika saa tatu baridi ilikuwa imeingia mifupani. Mimi nimekulia nyanda za juu za kusini, ambako mwezi wa sita na wa saba bibi yetu aliingiza jiko la mkaa chumbani kabla ya watoto kulala. Niliyatazama yale makaa, yamekwisha kushika majivu, hayana moshi wala mwali. Nikachukua sinia ya chuma nikaanza kuyapeleka ndani. Mwenye gari alinizuia kwa mkono mzima, bila adabu ile Waingereza na Wawelisi wanayosifiwa. Muuguzi akacheka: "Daktari, kumbe ni wewe uliyetumwa kutumaliza?"

Niliona haya, kwa maana kanuni yake nilikuwa nikiijua kitabuni.

Mkaa unapoungua mahali penye hewa tele hutoa hewa ukaa kwa wingi. Unapoungua kwa uvivu, ukiwa umefunikwa na majivu au umefungiwa penye hewa haba, hutoa pia gesi nyingine iitwayo kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi, haina harufu, wala haiwashi koo. Moshi humfukuza mtu chumbani. Gesi hii humwacha akae. Ndiyo maana makaa yaliyokwisha moshi, ambayo wengi wetu huyaona kuwa ndiyo salama, ndiyo yanayoua waliolala.

Claude Bernard wa Ufaransa alieleza katikati ya karne ya 19 kwamba gesi hiyo hushikamana na chembe nyekundu za damu. Baadaye J. S. Haldane, aliyechunguza vifo vya wachimbaji wa makaa ya mawe nchini Uingereza, aliivuta yeye mwenyewe kwa makusudi akipima damu yake, na ndiye aliyependekeza wachimbaji washuke na ndege wadogo, ambao huanguka kabla ya binadamu. Uingereza iliacha kuwatumia ndege hao mwaka 1986.

Himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni, huipenda kaboni monoksaidi zaidi ya mara 200 kuliko inavyoipenda oksijeni. Hewa tuvutayo ina oksijeni asilimia 21. Ikiwa kaboni monoksaidi itafikia sehemu moja tu kati ya elfu moja ya hewa ya chumbani, baada ya saa kadhaa gesi hizo mbili zitakuwa zimegawana himoglobini karibu nusu kwa nusu. Tena ile oksijeni iliyobaki hushikwa kwa nguvu zaidi, isiachiwe ubongo na moyo kwa urahisi. Sasa tupige hesabu ya gari. Ndani yake mna nafasi isiyozidi mita za ujazo 10, yaani lita 10,000. Sehemu moja ya elfu ni lita 10, ujazo wa nusu ya ndoo yetu ya kawaida ya maji. Makaa ya jiko dogo yanaweza kutoa kiasi hicho. Chumba cha kupanga cha mita tatu kwa tatu kina nafasi mara mbili tu ya hiyo, na usiku wa baridi huzibwa dirisha kwa gunia na upenyo wa mlango kwa kanga.

Dalili zake hudanganya. Kichwa huuma, kizunguzungu huja, kichefuchefu hufuata, miguu hulegea. Katika nchi yetu dalili hizo zina jina lililokwisha andaliwa, nalo ni malaria. La pili ni chakula kibovu. Miaka michache baada ya kurejea nyumbani nilipokea asubuhi mama na watoto wake wawili, wote wakitapika, wote wakidhaniwa kuwa wamekula uyoga mbaya. Kipima oksijeni cha kidoleni kilisoma 98. Hapo ndipo mtego ulipo: kifaa kile cha kawaida hakitofautishi himoglobini iliyobeba oksijeni na ile iliyotekwa na gesi, hivyo husema mambo ni mazuri wakati mgonjwa anakosa hewa. Nilimuuliza mama swali moja ambalo nililibeba kutoka Mto Wye: mlilala na nini chumbani? Akajibu kwamba mtoto mdogo alikuwa na kikohozi, kwa hiyo aliweka jiko ili apate joto.

Maswali mengine mawili husaidia. Je, wote waliolala chumba hicho wanaumwa kwa pamoja? Je, walipotoka nje walianza kupata nafuu? Malaria haina desturi ya kuwapata watu watatu saa moja na kuwaachia mlangoni.

Tiba ya kwanza ni kumtoa mgonjwa nje na kufungua milango, bila mwokoaji kukawia ndani. Ya pili ni oksijeni nyingi kwa barakoa. Mtu akivuta hewa ya kawaida, nusu ya gesi iliyomo damuni huchukua takriban saa tano kutoka. Kwa oksijeni halisi muda huo hushuka hadi saa moja au moja na nusu. Mjamzito huhitaji uangalizi wa muda mrefu zaidi, kwa kuwa damu ya mtoto tumboni huishikilia gesi hiyo kuliko damu ya mama. Wako pia wanaopona kisha, baada ya wiki kadhaa, wakaanza kusahau au kubadilika tabia. Hao warudi hospitali. Kuacha dirisha wazi kidogo si kinga ya kutegemewa. Jenereta iliyowekwa barazani, au injini inayonguruma huku watu wamelala garini, ni jambo lilelile kwa sura nyingine. Gari la mwenzetu lilikuwa na king'ora kidogo cha betri kinacholia gesi inapozidi. Usiku ule tulilala kwa baridi, na blanketi zote nilipewa mimi, kwa dhihaka.

Asubuhi kulikucha vizuri. Tulitembea kandokando ya mto hadi Symonds Yat, ambako mtu hupanda jabali na kuuona mto uleule upande wa kushoto na upande wa kulia, kwa jinsi ulivyojikunja kukizunguka kilima. Kozi hujenga viota katika miamba ile. Chini yake mna kivuko cha mashua kinachovutwa kwa mikono kwenye kamba iliyotandwa juu ya maji. Nilijisikia niko Rufiji. Muuguzi wetu alikataa katakata kuchovya miguu mtoni hadi alipohakikishiwa kwamba kule hakuna kichocho. Mwenye gari, aliyezaliwa karibu na mto huo, hakuwa amewahi kufikiri kwamba konokono anaweza kuwa sababu ya mtu kuogopa maji. Hata hivyo alituonya tusiyanywe, na aliyekuwa na kidonda akifunike, kwa sababu ya mkojo wa panya na ugonjwa wa leptospira. Mbolea ya mamilioni ya kuku wanaofugwa katika bonde hilo nayo imeuchosha mto.

Hatari ya njia ile imo majanini. Kupe wa huko hukaa kwenye ncha ya jani akingoja mguu upite, kisha hung'ang'ania ngozini kwa siku kadhaa. Baadhi yao hubeba bakteria wa ugonjwa wa Lyme. Siku 3 hadi 30 baadaye huweza kutokea doa linalotanuka taratibu. Vitabu huonyesha doa jekundu juu ya ngozi nyeupe. Juu ya ngozi yetu laweza kuonekana kama jeraha la ndani, la kahawia au zambarau, na hupitwa kwa urahisi. La kutazama ni kutanuka kwake. Vipimo vya damu vya mapema vyaweza kutoonyesha kitu, kwa hiyo daktari huamua kwa doa lenyewe na kuanza dawa, mara nyingi doksisaiklini.

Sisi tunao ndugu wa bakteria huyo. Ni yule wa homa ya papasi, homa inayokuja, ikaondoka, ikarudi, na ambayo huonekana katika damu chini ya hadubini ileile ya malaria. Joseph Everett Dutton, Mwingereza aliyekuwa akiichunguza nchini Kongo, alikufa kwayo mwaka 1905. Mwaka huohuo Robert Koch aliwachunguza papasi wa Afrika Mashariki na kumkuta bakteria hadi katika mayai yao. Tofauti iko katika mwenendo: papasi hujificha katika sakafu na kuta za udongo, hunyonya usiku kwa muda mfupi, akatoweka. Anayeumwa naye hana kupe wa kumwonyesha daktari.

Jioni ya Jumapili tulikaguana nyuma ya magoti na kwenye mikunjo. Mmoja alipatikana kwangu, chini ya soksi, mdogo kama mbegu ya ufuta. Muuguzi alimshika kwa kibano chembamba karibu kabisa na ngozi, akamvuta juu polepole bila kumzungusha. Hakumchoma kwa kiberiti wala kumpaka mafuta, mambo ambayo humfanya kupe atapike ndani ya mtu. Akaosha mahali pale kwa sabuni, akaniambia niandike tarehe. Niliandika, na kila jioni nikapaangalia kwa taa. Siku ya 30 ngozi ilikuwa safi.