Mshika Elimu Mbili

Mwanao apendaye sayansi akikesha pia na vitabu vya dini na utunzi, usiharakishe kumwambia kuwa mshika mawili moja humponyoka. Mtazame Ibn al-Nafis, tabibu wa Kairo aliyefariki mwaka 1288. Alikuwa mwalimu wa sheria ya madhehebu ya Shafii, yafuatwayo na Waislamu wengi wa pwani yetu. Tena alitunga kisa cha mtu aliyekulia kisiwani peke yake, akamtambua Mungu kwa kutafakari. Naye ndiye aliyemkosoa Galen, tabibu mkuu wa Kiyunani, mwaka 1242: ukuta wa katikati ya moyo hauna matundu, damu hupitia mapafuni. Basi, kabla ya kumnyang'anya mtoto kitabu kimoja, uliza kwanza: je, cha pili kimelala?