Kalenda ya China ya Kale: Kukosea Siku Haikuwa Mchezo

Bila shaka umeona kwamba Ramadhani haikai pahali pamoja. Kila mwaka inarudi nyuma. Sababu ni hesabu tu: miezi 12 ya mwandamo ni siku 354 hivi, ilhali mwaka wa jua ni siku 365 na ushei. Pengo ni siku 11.

Wachina wa kale walitaka yote mawili: kalenda ifuate mwezi, na mkulima ajue msimu. Wafanyeje? Waliongeza mwezi wa 13. Katika kila miaka 19, miaka 7 ilipata mwezi wa ziada. Piga hesabu mwenyewe: jumla ni miezi 235, na inapishana na miaka 19 ya jua kwa kama saa 2 tu!

Sasa, kwa nini mfalme ajisumbue na haya? Kwa sababu iliaminika kwamba anatawala kwa idhini ya Mbingu. Jua likipatwa bila wanajimu wake kutabiri, watu wataanza kunong'ona: huenda Mbingu imemkasirikia. Ndiyo maana kalenda ilikuwa mali ya serikali. Mwaka 835 watu binafsi walipigwa marufuku kuchapa kalenda, maana zilikuwa zikiuzwa sokoni hata kabla ile rasmi haijatoka.

Presha hiyo ilizaa sayansi nzuri. Siku ambayo kivuli cha adhuhuri ni kirefu kuliko zote ndiyo kilele cha majira ya baridi. Ukiijua, unaweza kupima urefu wa mwaka. Nguzo za kawaida zilikuwa na urefu wa chi 8 (chi ni kipimo cha Kichina kinachokaribia futi). Karne ya 13, Guo Shoujing alitumia ya chi 40. Kivuli kikiwa kirefu, kosa dogo la kupima halina madhara makubwa. Lakini ncha yake hufifia, kwa hiyo akapitisha mwanga kwenye kitundu kidogo ili aione vizuri.

Kalenda yake ya 1281 ilitumia mwaka wa siku 365.2425. Hiyo ndiyo hesabu ya kalenda iliyo kwenye simu yako, ambayo Ulaya iliianza 1582. Inakosea kwa sekunde 26 hivi kwa mwaka.

Kwa hiyo Mwaka Mpya wa Kichina ukiangukia Januari mara hii na Februari mara nyingine, usishangae. Ni ule mwezi wa 13 unafanya kazi yake.