Etiketi juu ya mfuko wa koltani

Koltani ya Rubaya, kule Masisi, hutoa tantali inayotumika katika vifaa vya umeme vya gari. Kasiteriti ya Bisie, huko Walikale, hutoa bati la kuunganishia vifaa hivyo. Kati ya mchimbaji na kiwanda cha magari wako wachuuzi, nyumba za biashara mjini, kisha kiwanda cha kuyeyusha. Madini yakishayeyushwa pamoja, hakuna awezaye kujua yalitoka shimo gani. Ndiyo maana mfuko hufungwa etiketi yenye namba karibu na mgodi.

Lakini etiketi huweza kuuzwa, na tangu 2024 Rubaya iko mikononi mwa M23. Basi wanunuzi wakimbie? Walikimbia baada ya sheria ya Marekani ya 2010, na wazazi wengi, hata wa maeneo yasiyo na vita, wakashindwa kulipia watoto masomo. Tena mwezi wa tatu 2025 mgodi wa Bisie ulisimama kwa wiki kadhaa vita ilipokaribia.

Mwenye kiwanda anayetaka muuzaji wa kuaminika amwulize zaidi ya namba: nani alitoza kodi kwenye vizuizi vya njiani, na mchimbaji alilipwa kiasi gani?