Trekta Kuukuu Linapolia

Askari aliyestaafu, akaweka kiinua mgongo chake katika trekta kuukuu, hana budi kujifunza kulisikiliza kama mama amsikilizavyo mtoto asiyeweza kusema panapomuuma. Kelele ndogo ikipuuzwa mwanzoni mwa mvua yaweza kuvunja gia katikati ya kilimo, na msimu haumngoji mtu. Twachukua mfano wa Massey Ferguson 135, trekta lililotokea mwaka 1964 na ambalo aghalabu huwa na injini ya Perkins ya silinda tatu. Ni wa ukoo wa Ferguson TE20, lililotengenezwa Coventry, Uingereza, tangu mwaka 1946 hadi 1956.

Madereva wengi hulaumu giaboksi kwa kila kelele, na mafundi wasio waaminifu hufurahi kusikia hivyo. Kabla ya kugusa chochote ndani, kaza bolti za magurudumu, na utazame kama minyororo ya mikono ya nyuma haigongi tairi. Kisha pima oili. Katika trekta hili giaboksi, difu na pampu ya kunyanyulia plau vyote vyanywa oili moja. Ikipungua, vyaumia pamoja.

Pampu hiyo ndiyo mdanganyifu mkubwa. Ikikosa oili, au chujio lake likiziba, hulia mlio mwembamba ambao mtu aliyeketi juu ya kiti huapa kuwa ni wa gia. Teremsha plau chini, kanyaga klachi mpaka mwisho, weka mkono wa mhimili wa nyuma katikati, kisha achia klachi. Pampu itasimama. Mlio ukinyamaza, umekwisha kumpata mkosaji bila kufungua hata nati moja.

Usiponyamaza, endelea. Trekta lisimame mahali tambarare, breki ya mkono ikiwa imefungwa, gia ikiwa huru na injini ikinguruma polepole. Sikiliza mguu ukiwa nje ya klachi, halafu kanyaga. Kelele inayoanza unapokanyaga ni ya beringi ya klachi. Kelele inayokoma unapokanyaga hutoka kwenye beringi za mbele za giaboksi, au kwenye gia zinazozunguka wakati wote. Beringi ya klachi yenyewe si ghali, lakini ili kuifikia yapasa trekta litenganishwe vipande viwili. Kwa hiyo si busara kumlipa fundi kazi hiyo kubwa na kuiacha sahani ya klachi iliyolika humo humo.

Baadaye endesha bila mzigo, ukijaribu gia moja moja. Kelele ya gia moja tu yaonyesha meno ya gia hiyo. Ikisikika katika mwendo wa chini tu, na kutoweka katika mwendo wa juu wa gia hizo hizo, tazama zile gia ndogo zinazoizunguka gia ya kati, kwa kuwa katika mwendo wa juu hazifanyi kazi. Mvumo unaosikika katika gia zote na kupanda kadiri magurudumu yanavyokimbia watoka nyuma, kwenye pinioni, gia kubwa ya difu au beringi za ekseli. Na kama trekta lalia wakati wa kukata kona tu, kisha kunyoka likanyamaza, gia ndogo za ndani ya difu ndizo za kushukiwa.

Watu wa nyumbani mara nyingi huisikia kelele mpya kabla ya dereva, ambaye sikio lake limekwisha kuizoea. Waulizwe. Lakini watoto wasikaribie wakati wa majaribio. Kanga au koti lisilofungwa vifungo likinaswa na mhimili wa nyuma uzungukao mara 540 kwa dakika, hapana mkono wa mtu utakaolinasua.

Ushahidi wa mwisho ni oili yenyewe. Zima injini ingali na joto, imwage ndani ya debe safi, kisha pitisha sumaku. Unga laini wa kijivu ni uzee tu. Vipande vinavyong'aa, ukubwa wa ukucha, vyamaanisha trekta lisizunguke tena mpaka lifunguliwe. Oili nyeupe kama maziwa imeingia maji. Yawezekana yalipenya kwenye mpira uliochanika wa mkono wa gia, trekta likilala nje mvuani.

Neno moja kwa wenye 135 la aina ya Multi-Power. Katika upande wake wa chini injini haizuii magurudumu mteremkoni, hata trekta huteleza kama lisilo na gia, kimya kabisa. Si ubovu, ndivyo lilivyoundwa. Ukivuta trela la mahindi kilimani, badilisha upande wa juu kabla ya kuanza kuteremka.