Sare Katika Picha za Wazee Wetu

Katika nyumba nyingi za Karagwe na Kyerwa imo picha moja iliyofifia, imeviringishwa kitambaa na kuwekwa ndani ya sanduku: kijana amesimama wima, amevaa sare, mkono ameuegemeza juu ya kiti. Waulizwapo watoto ni nani huyo, hujibu, "Ni babu, alikuwa askari." Askari wa nani, na wa vita gani? Hapo kimya huingia.

Ndugu msomaji, sare huweza kusomwa. Tuanze na kichwa. Kabla ya Waingereza kuushika Bukoba mwaka 1916, askari wa Wajerumani alivaa tarbushi iliyofunikwa kitambaa cha kaki, chenye upindo wa kukinga shingo na jua, na mbele yake nembo ya tai. Askari wa King's African Rifles, ambao wazee waliwaita Keya, aghalabu huonekana na herufi za shaba K.A.R. mabegani. Kofia pana iliyokunjwa ukingo upande mmoja huelekeza kwenye Vita Vikuu vya Pili. Na ikiwapo alama ya kichwa cha kifaru begani, basi huyo alikuwa wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopigana Burma mwaka 1944.

Litazameni pia taji katika nembo, kwa kioo cha kukuzia. Taji lenye kilele cha mviringo ni la enzi ya wafalme. Lililobonyea katikati ni la Malkia Elizabeth, aliyeanza kutawala mwaka 1952. Jeshi letu la Wananchi lililoundwa Septemba 1964 halina taji hilo.

Hata hivyo, tusikate shauri kwa haraka. Polisi wa mkoloni nao walivaa kaki na kaptura, na koti huweza kuazimwa kwa ajili ya picha. Tena, wengi waliokwenda Vita vya Kagera mwaka 1978 na 1979 walikuwa mgambo. Sare peke yake haitoshi. Ushuhuda wa wazee hauna budi kuambatana nayo.

Jambo hili si la anasa. Mashujaa waliolazwa Kaboya, wilayani Muleba, wana makaburi ambayo jamaa zao waweza kuyazuru. Kijana aliyefia Burma hana kaburi nyumbani. Picha ile sandukuni ndiyo alama yake pekee, na wanaolijua jina lake wanapungua kila mwaka.

Kwa hiyo twashauri: jioni hii itoeni picha, mketi na bibi au mzee wa ukoo, mwulizeni jina, kijiji na mwaka. Yaandikeni nyuma kwa penseli, taratibu, wala msiibandue picha katika kadi yake. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kungojea hadi asiwepo wa kuulizwa.